INJINI KUBWA KATIKA LORI LA ZAMANI
Njia ya kufundisha kani, kazi na nguvu katika madarasa ya juu ya shule ya msingi

Makala hii inakusudia kumwonyesha mwanachuo namna ya kulitumia jambo moja linalojulikana sana mijini na vijijini, yaani kuondoa injini ndogo ya lori na kuweka iliyo kubwa zaidi, liwe kiini cha masomo kadhaa ya sayansi. Hatukusudii kumfanya mwalimu awe fundi makanika. Tunakusudia awe na mfano mmoja anaoujua vizuri kutoka mwanzo hadi mwisho, ambao wanafunzi wake wamekwisha kuuona kwa macho yao, na ambao unadai majibu ya kweli.

1. Sababu ya kuchagua mfano huu

Katika kukagua mazoezi ya kufundisha, mkufunzi husikia mara kwa mara darasa zima likitamka kwa pamoja kwamba nguvu ni kazi iliyofanyika kugawanya kwa muda uliotumika. Watoto hawakosei hata neno moja. Lakini mtoto yuleyule akiulizwa kwa nini lori lililojaa mahindi hupanda mlima polepole kuliko basi, hunyamaza, au hujibu kwamba lori ni zito. Akiulizwa tena kwa nini basi lori hilo halishindwi kabisa kupanda, hana la kusema. Fasili anayo, maarifa hayajaingia.

Lori ni zana ya kufundishia ambayo shule hainunui. Hupita barabarani kila siku, huleta saruji na mbolea, huchukua pamba, korosho na mahindi. Watoto hujua majina ya magari hayo kabla ya kujua majina ya mito. Tena, habari ya kubadilisha injini huzungumzwa sana na watu wazima. Mwenye lori husema, "Gari hili halina nguvu, nitalitia injini kubwa, nibebe magunia mengi zaidi." Katika sentensi hiyo fupi mna jambo la kweli na mna kosa kubwa, na kosa hilo limekwisha kuwaua watu. Kazi ya somo letu ni kuwawezesha watoto kulitenga la kweli na la kosa kwa hesabu wanazoweza kuzifanya wenyewe.

Iko sababu nyingine. Mwalimu wa shule ya msingi huulizwa mambo mengi nje ya darasa. Kamati ya chama cha ushirika yenye lori kuukuu inaweza kumwendea siku moja na kumwomba ashauri kama fedha za wanachama zitumike kununua injini kubwa. Yafaa awe na la kuwaambia.

2. Maneno matatu yasiyopaswa kuchanganywa

Katika mazungumzo ya kila siku neno "nguvu" hubeba maana nyingi: nguvu ya mtu, nguvu ya dawa, nguvu ya dola. Katika sayansi hatuna budi kulifunga neno hilo kwenye maana moja. Mwalimu aanze kwa kuyatenga maneno haya matatu ubaoni.

Kani ni msukumo au mvuto. Ukisukuma mkokoteni, unatoa kani. Hupimwa kwa nyutoni. Kitu cha kilo 1 huvutwa na dunia kwa kani ya karibu nyutoni 10.

Kazi hufanyika pale kani inaposogeza kitu. Mtu anayesukuma ukuta usiosogea huchoka na kutoka jasho, lakini kisayansi hajafanya kazi juu ya ukuta huo. Kazi hupatikana kwa kuzidisha kani kwa umbali, nayo hupimwa kwa jouli.

Nguvu ni wepesi wa kufanya kazi, yaani kazi iliyofanyika katika kila sekunde. Hupimwa kwa wati. Watu wawili wanaweza kupandisha magunia kumi kumi ghalani. Kazi yao ni sawa. Yule aliyemaliza kwa nusu ya muda alitumia nguvu mara mbili ya mwenzake.

Mwalimu asiondoke hapa kabla darasa halijaweza kujibu swali hili: "Ali na Asha wamebeba ndoo sawa hadi mahali pamoja. Ali ametumia dakika 5, Asha dakika 10. Nani amefanya kazi zaidi? Nani ametumia nguvu zaidi?" Swali la kwanza huwanasa wengi, kwani hudhani kwamba aliyechelewa ndiye aliyefanya kazi zaidi.

3. Farasi katika injini

Watoto watauliza farasi ametoka wapi. Jibu lake ni historia fupi inayopendeza. Mhandisi wa Scotland, James Watt, aliyezaliwa mwaka 1736 na kufariki mwaka 1819, aliiboresha sana injini ya mvuke. Wateja wake wengi walikuwa wakitumia farasi kuzungusha mashine zao, nao walitaka kujua mashine moja ingechukua nafasi ya farasi wangapi. Watt alikadiria kazi ya farasi, akaamua kwamba nguvu ya farasi mmoja ihesabiwe kuwa sawa na kuinua ratili 33,000 kwa kimo cha futi 1 katika dakika 1. Kwa vipimo tunavyotumia sasa, hiyo ni karibu sawa na kuinua mzigo wa kilo 75 kwa kimo cha meta 1 katika kila sekunde. Nguvu farasi 1 ni wati 746, na neno "wati" lenyewe limetokana na jina la huyo Watt.

Historia hiyo isichukue muda mrefu. Faida yake ni kumwonyesha mtoto kwamba kipimo hakikushuka kutoka mbinguni. Kilibuniwa na mtu aliyekuwa na haja ya kulinganisha vitu viwili. Baada ya hapo watoto wajipime wenyewe.

Zoezi la darasa. Vifaa: ndoo yenye maji lita 5, meza au ukuta mfupi wenye kimo cha meta 1, na saa yenye mshale wa sekunde. Lita 5 za maji zina uzito wa kilo 5, yaani kani ya nyutoni 50. Kwa urahisi wa hesabu tusiuhesabu uzito wa ndoo tupu. Mwanafunzi mmoja aiinue ndoo kutoka chini na kuiweka juu ya meza. Mwenzake aishushe chini tena. Wafanye hivyo mara 20, na mwanafunzi wa tatu apime muda.

Tuseme muda uliotumika ni sekunde 40. Kila kuinua ni nyutoni 50 mara meta 1, yaani jouli 50. Mara 20 ni jouli 1,000. Tukigawanya kwa sekunde 40 tunapata wati 25.

Sasa mwalimu aulize: "Ingehitajiwa wanafunzi wangapi kama huyu ili wafanye nguvu farasi 1?" Darasa litapata karibu 30. Maana yake, darasa la watoto 30 wakiinua ndoo bila kupumzika kwa kadiri hiyo wanafanya nguvu ya farasi mmoja tu. Kuanzia hapo, mtoto akisikia kwamba injini ya lori ina nguvu farasi 134, ataiona kwa macho ya moyo: ni watoto zaidi ya 4,000 wanaoinua ndoo kwa pamoja, wote wamefungiwa chini ya boneti moja. Namba imepata mwili.

4. Lori mlimani

Tuchukue lori ambalo, pamoja na shehena yake, lina uzito wa tani 10. Linapanda mlima wenye mwinuko wa meta 8 katika kila meta 100 za barabara. Wanafunzi wa sehemu za Iringa waambiwe wafikirie Kitonga. Wa Singida wafikirie Sekenke. Wengine mwalimu awatafutie mlima wa kwao.

Tani 10 ni kilo 10,000, yaani kani ya nyutoni 100,000 ielekeayo chini. Kwa mwinuko wa 8 kwa 100, sehemu ya kani hiyo inayolivuta lori kurudi nyuma ni nyutoni 8,000. Tuongeze nyutoni 2,000 kwa ajili ya matairi, barabara mbaya na upepo. Jumla ni nyutoni 10,000. Hiyo ndiyo kani ambayo magurudumu lazima yaitoe ili lori lipande bila kupunguza mwendo.

Mwalimu achore ubaoni jedwali hili, na wanafunzi walijaze wenyewe kwa kuzidisha kani kwa mwendo:

Mwendo wa km 18 kwa saa (meta 5 kwa sekunde): wati 50,000, au nguvu farasi 67.
Mwendo wa km 27 kwa saa (meta 7.5 kwa sekunde): wati 75,000, au nguvu farasi 101.
Mwendo wa km 36 kwa saa (meta 10 kwa sekunde): wati 100,000, au nguvu farasi 134.

Hizo ni nguvu zinazofika kwenye magurudumu. Injini yenyewe haina budi kutoa zaidi kidogo, kwa sababu nyingine hupotea katika msuguano wa gia.

Hapa ndipo pana kiini cha somo, na mwalimu asipite haraka. Awaulize wanafunzi watazame safu ya kani. Je, imebadilika? Haikubadilika. Ni nyutoni 10,000 katika mistari yote mitatu. Kilichobadilika ni mwendo na nguvu. Lori lenye injini ndogo linaupanda mlima uleule likiwa na shehena ileile. Dereva anaingiza gia ndogo, na gia hiyo inaikuza kani huku ikipunguza mwendo. Kama mlima una urefu wa kilometa 6, lori la kwanza litatumia dakika 20 na lile la tatu dakika 10. Basi mwenye lori aliyeweka injini yenye nguvu mara mbili amenunua dakika 10. Hakununua nafasi ya gunia hata moja.

Sentensi hii yafaa iandikwe ubaoni na kunakiliwa katika madaftari: Injini kubwa hununua muda, hainunui ruhusa ya kuongeza mzigo. Ruhusa ya mzigo hutoka katika springi, ekseli, matairi, chesisi na breki.

5. Kamba hukatikia pembamba

Wahenga walisema kwamba kamba hukatikia pembamba. Methali hiyo inaeleza vizuri kuliko kitabu yale yanayotokea injini ikibadilishwa na mengine yakaachwa kama yalivyo. Mwalimu achore mlolongo wa viungo kutoka injini hadi barabara, kisha akichukue kila kiungo kwa zamu yake.

(a) Klachi. Ndiyo inayoiunganisha injini na giaboksi. Hushika kwa msuguano, na msuguano huo una kikomo. Injini ikizungusha kwa kani iliyozidi kikomo hicho, klachi huteleza, hupata moto na kuungua.

(b) Giaboksi, propela na difu. Gia ndogo huikuza kani ya kuzungusha. Tuseme injini ya zamani hutoa kani ya kuzungusha ya 300, gia ya kwanza huizidisha mara 6, na difu huizidisha tena mara 6. Kinachofika kwenye shafti za magurudumu ni 300 mara 36, yaani 10,800. Weka injini ya 450, nayo itakuwa 16,200. Shafti hazikuambiwa kwamba injini imebadilika. Siku lori limekwama matopeni na dereva akakanyaga mafuta kwa hasira, meno ya difu hukatika au shafti huvunjika.

(c) Mizunguko ya injini. Kiungo hiki huwashangaza wengi. Injini nyingi za petroli huzunguka kwa haraka; injini kubwa ya dizeli huzunguka polepole huku ikitoa kani kubwa zaidi. Tuseme injini ya petroli iliweza kufika mizunguko 4,000 kwa dakika, na lori likikimbia km 80 kwa saa katika gia ya juu. Tukiweka injini ya dizeli yenye kikomo cha mizunguko 2,600 bila kubadilisha difu, mwendo wa juu kabisa utakuwa 80 mara 2,600 kugawanya kwa 4,000, yaani km 52 kwa saa. Mwenye lori ameongeza injini akapata gari la polepole zaidi katika barabara ya tambarare. Dawa yake ni kubadilisha uwiano wa gia katika difu, na hiyo ni gharama nyingine.

(d) Rejeta. Kwa makadirio, katika joto lote linalotokana na mafuta yanayoungua, theluthi moja ndiyo inayogeuka kuwa kazi. Theluthi nyingine hutoka na moshi, na nyingine huchukuliwa na maji ya kupoza injini. Kwa hiyo injini inayofanya kazi maradufu ina joto maradufu la kutupa. Rejeta iliyotosha zamani sasa itachemsha maji katikati ya mlima, penye jua, mbali na kisima.

(e) Uzito. Injini kubwa kwa kawaida ni nzito. Ikizidi ile ya kwanza kwa kilo 250, uzito huo hukaa juu ya springi na matairi ya mbele, na usukani huwa mgumu. Tena, kwa kuwa uzito wa juu kabisa ulioruhusiwa kwa gari lile haukubadilika, shehena haina budi kupungua kwa kilo hizohizo 250. Hayo ni magunia mawili na nusu ya kilo 100. Aliyetaka kubeba zaidi amejikuta anabeba pungufu.

(f) Breki. Katika magari mengi ya petroli, kanyagio la breki husaidiwa na chombo kinachotumia mvuto wa hewa kutoka kwenye njia ya kuingizia hewa ya injini. Injini ya kawaida ya dizeli haina mvuto wa kutosha mahali hapo, kwa sababu haizuii hewa inayoingia kama ifanyavyo kabureta. Fundi akiondoa petroli na kuweka dizeli bila kufunga pampu ya kuvuta hewa, msaada ule hutoweka. Breki bado zipo, lakini dereva lazima akanyage kwa kani kubwa mno. Gari limepata injini yenye nguvu na kupoteza breki zake siku hiyohiyo, na hakuna kinachoonekana kwa nje.

6. Mfano wa kiwanda

Ili wanafunzi wasidhani kwamba hizi ni hofu za mwalimu tu, yafaa kuwaeleza yale waliyoyafanya watengenezaji wenyewe. Land Rover ya urefu wa inchi 109, gari la kazi linalojulikana sana katika nchi zetu, ilikuwa na injini ya petroli ya silinda 4 yenye sentimeta za ujazo 2,286 na nguvu farasi karibu 70. Mwaka 1979 kiwanda kilitoa aina mpya yenye injini ya silinda 8, sentimeta za ujazo 3,528. Ilikuwa injini ileile iliyokwisha kutumika katika Range Rover tangu mwaka 1970, ambamo ilitoa nguvu farasi takribani 130.

Je, walifungua boneti, wakatoa moja na kutia nyingine? La. Sehemu ya mbele ya gari ilisogezwa mbele ili injini ipate nafasi. Giaboksi ya zamani iliachwa, ikachukuliwa ile ya Range Rover ambayo huyazungusha magurudumu yote manne wakati wote, hivyo kani ya injini ikagawanywa kwa ekseli mbili badala ya kutwishwa ekseli moja ya nyuma. Na jambo lililo kubwa kuliko yote, injini yenyewe ilibanwa makusudi ili itoe nguvu farasi 91 tu. Range Rover ilikuwa na breki za diski katika magurudumu yote manne. Land Rover ile ilikuwa bado na breki za dramu.

Mwalimu awaulize wanafunzi: "Kwa nini kiwanda kiweke injini inayoweza kutoa nguvu farasi 130, kisha kiinyime 39?" Awaache wajadiliane. Darasa lililofuata somo hadi hapa litalipata jibu lenyewe, nalo litalikumbuka kuliko kama lingeambiwa. Ikiwa wenye kiwanda, wenye vipimo vyote na michoro yote, waliona heri gari lao lisitumie nguvu zote lilizoweza kupata, fundi wa kando ya barabara ana sababu nyingi zaidi za kuwa na tahadhari.

7. Kushuka na kusimama

Somo la injini lisimalizike kileleni mwa mlima, kwani kila mlima una upande wa pili. Injini ndiyo inayopandisha. Linapofika suala la kusimama, breki ndizo zinazobeba dhamana.

Gari linalokwenda lina nishati ya mwendo. Tuyarudie mahesabu ya lori letu la tani 10. Likiwa na mwendo wa km 36 kwa saa, nishati yake ni jouli 500,000. Likifika km 72 kwa saa, nishati haiwi 1,000,000 kama wengi wanavyodhani, bali 2,000,000. Mwendo ukizidishwa mara mbili, nishati huzidi mara nne. Nishati hiyo yote lazima breki ziigeuze kuwa joto ndipo lori lisimame.

Wanafunzi wapime jambo hili uwanjani kwa hatua zao. Tuseme dereva anachukua sekunde 1 kutambua hatari na kukanyaga, na breki nzuri hupunguza mwendo kwa meta 5 kwa sekunde katika kila sekunde.

Kwa km 36 kwa saa: lori husogea meta 10 kabla breki hazijashika, kisha meta 10 zaidi. Jumla meta 20.
Kwa km 72 kwa saa: husogea meta 20 kabla breki hazijashika, kisha meta 40 zaidi. Jumla meta 60.

Mwalimu amsimamishe mtoto mmoja mahali lori lilipo, mwingine meta 20 mbele yake, na wa tatu meta 60. Kisha awaombe wengine wafikirie wanavuka barabara ya shule. Hapana haja ya maneno mengi. Somo la fizikia limegeuka kuwa somo la usalama wao wenyewe, na watoto wataliona hilo bila kuhubiriwa.

Kuhusu mteremko, watoto waelezwe pia kanuni ya madereva wazoefu, kwamba mteremko hushukwa kwa gia iliyoupanda. Gia ndogo huifanya injini ilizuie gari, na breki hupumzika. Dereva anayeiondoa gia ili aokoe mafuta huziachia breki mzigo wote. Zikipata moto kupita kiasi, uwezo wake wa kushika hupungua, na pale anapozihitaji zaidi ndipo zinapomtupa. Tuseme kweli kwamba katika jambo hili injini kubwa ina faida, kwani huzuia vizuri zaidi katika gia ndogo. Lakini faida hiyo humfaa tu dereva anayeitumia.

8. Mpangilio wa masomo

Mambo haya yasifundishwe kwa siku moja. Napendekeza masomo manne.

Somo la kwanza: kani, kazi na nguvu, pamoja na zoezi la ndoo. Shabaha: mwanafunzi aweze kukokotoa nguvu yake kwa wati.

Somo la pili: lori mlimani. Shabaha: mwanafunzi aweze kueleza kwa nini injini kubwa huongeza mwendo wa kupanda bila kubadilisha kani inayohitajiwa.

Somo la tatu: viungo kutoka injini hadi barabara. Kama iko gereji karibu, darasa likaitembelee. Kama haipo, fundi aalikwe shuleni. Mwalimu aonane na fundi mapema na kumpa maswali matatu au manne yaliyoandikwa, vinginevyo saa nzima itapita katika hadithi za safari. Wanafunzi wasiguse injini inayounguruma, wala wasiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki.

Somo la nne: kushuka, kusimama, na mjadala. Hoja ya mjadala iwe hii: "Chama chetu kina lori kuukuu. Je, tulitie injini kubwa?"

Katika mjadala huo mwalimu ajihadhari asiwasukume wanafunzi kwenye jibu moja. Kubadilisha injini si kosa siku zote. Injini ya kwanza inaweza kuwa imechakaa na vipuri vyake havipatikani tena. Yako pia malori ambayo kiwanda chenyewe kiliyauza yakiwa na injini za ukubwa mbalimbali, kama Bedford TK ya miaka ya 1960 na 1970. Kuhama kutoka injini moja ya kiwanda hadi nyingine ya aina hiyohiyo, pamoja na giaboksi, rejeta na breki zake, ni jambo la busara. Wanafunzi wafundishwe kuuliza maswali haya: Je, viungo vyote vinavyofuata injini vinaitosha? Uzito wa mbele umeongezeka kwa kiasi gani? Breki zimekaguliwa na nani? Je, nambari ya injini mpya imeandikishwa katika kadi ya gari na bima imeelezwa? Na gharama zote zikijumlishwa, je, dakika zinazookolewa mlimani zinazilipa?

Maswali ya kupima. Mwalimu anaweza kutumia haya:

1. Lori la tani 5 linapanda mlima unaohitaji kani ya nyutoni 6,000 kwa mwendo wa meta 5 kwa sekunde. Tafuta nguvu kwa wati na kwa nguvu farasi. (Jibu: wati 30,000, nguvu farasi 40.)
2. Eleza kwa nini lori lenye injini mpya ya dizeli linaweza kuwa na mwendo mdogo kuliko lilivyokuwa na injini ya petroli.
3. Mwenye lori anasema, "Sasa nina injini kubwa, nitaongeza tani mbili." Mwandikie barua fupi ya kumshauri.

Swali la tatu ndilo litakalomwonyesha mwalimu kama amefundisha. La kwanza laweza kujibiwa na mtoto aliyekariri kanuni. Barua haikaririwi. Mtoto atakayeweza kumwandikia mtu mzima, kwa adabu na kwa hesabu, kwamba injini haibebi mzigo bali huusogeza tu, na kwamba tani mbili hizo zitabebwa na springi zilezile na kusimamishwa na breki zilezile, huyo amepata elimu ya kumfaa yeye na watu wa kijiji chake.

Kwa kumalizia, mwanachuo akumbuke kwamba mfano mzuri hauhitaji kuwa mgeni wala wa ajabu. Palipo na lori pana maabara. Akifika katika shule yake ya kwanza, na aitazame barabara ipitayo karibu, auhesabu mwinuko wake, aulize uzito wa shehena zinazopita hapo, kisha aandike maswali yake mwenyewe mahali pa haya niliyoyaandika.